Kukojoa Usiku Si Uzee Tu

Tuseme kuna mzee mmoja kijijini kwetu. Kila usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Mkutanoni hawezi kukaa mpaka mwisho. Watu wanamwambia, "Ah, mzee, huo ni uzee tu." Mwingine anamnong'oneza ati amerogwa. Yeye mwenyewe anaona aibu. Amepunguza kunywa maji, na hamwambii mtu, hata mkewe.

Je, ni kweli ni uzee tu?

Uzee unaweza kuwa sababu moja. Chini ya kibofu cha mkojo mwanamume ana tezi iitwayo tezi dume. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Mwanamume akipita miaka 50, mara nyingi tezi hiyo hukua na kubana njia. Lakini kuna mambo mengine mawili ambayo wengi hatuyafikirii. Nayo ni kisukari na unene.

KISUKARI

Ugali, wali na viazi tunavyokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Mwili hutumia sukari hiyo kupata nguvu. Mwili wa mtu mwenye kisukari hauwezi kuitumia vizuri, basi sukari inajaa katika damu. Ikizidi sana, mafigo huitoa katika mkojo. Sukari haitoki peke yake, hutoka na maji mengi. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa sana, anapata kiu, anakunywa, kisha anakojoa tena. Kiu hiyo ni mwili unadai maji uliyopoteza. Kujinyima maji si dawa, ni hatari.

Kisukari kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya kibofu. Kibofu hakisikii tena kwamba kimejaa. Mtu anakojoa, lakini mkojo mwingine unabaki ndani. Mkojo uliolala ni kama maji ya dimbwi, vijidudu huzaliana humo. Ndipo huja homa na mkojo unaochoma.

UNENE

Wengi wetu tunaona kitambi ni dalili ya maisha mazuri. Lakini mafuta ya tumboni hukandamiza kibofu, hata kabla hakijajaa. Tena unene huo ndio unaofungulia mlango kisukari.

Usiseme hayo ni maradhi ya mjini. Katika miaka ya 1980 madaktari walipima watu wa vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila watu 100. Mwaka 2012 walipimwa watu wa miaka 25 hadi 64 nchini kote. Walionekana watu 9 katika kila 100.

TUFANYE NINI?

1. Nenda zahanati au kituo cha afya ukapime sukari. Ni tone la damu ya kidole tu. Ukipima asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikafika 7 au zaidi, utapimwa tena ili kuhakikisha.

2. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamume mwenye sentimita 94 au zaidi ajihadhari.

3. Punguza uzito polepole. Mtu wa kilo 90 akipunguza hata kilo 6, hatari ya kisukari hupungua sana. Acha soda. Punguza sukari na mafuta. Ongeza mboga na maharage. Tembea kwa miguu nusu saa, siku 5 kwa wiki.

4. Kunywa maji ya kutosha mchana. Jioni punguza chai, kahawa na pombe.

5. Usinunue dawa za kutembezwa mitaani kabla ya kupimwa.

Ukishindwa kabisa kukojoa, au ukiona damu katika mkojo, au ukipata homa pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Huenda ni tezi. Huenda ni kisukari. Huenda ni yote mawili. Hawezi kujua kwa kukaa kimya nyumbani. Kisukari kikijulikana mapema, dawa na chakula bora hukizuia kisiharibu macho, mafigo na miguu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na wewe ndugu msomaji, unaamka mara ngapi usiku? Mwambie mkeo, kisha nenda ukapime.