Ghala Ndogo Ndani ya Chembe

Mtoto aliyekulia Old Korogwe hana haja ya kusimuliwa habari za katani. Amekwisha kuona jinsi majani yaletwavyo korona yakasagwa na kuoshwa, hata zikabaki nyuzi tupu. Nyuzi zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, ndipo zikafika kwa wachambuaji. Mchambuaji hutazama urefu wake, na rangi, na usafi, akaziweka kila namna katika fungu lake. Mwisho hufungwa marobota, na kila robota hutiwa alama, ili watu wa bandari ya Tanga wajue liendako bila kulifungua. Sasa nataka mtazame kazi kama hiyo ifanyikayo mahali padogo mno, ndani ya chembe moja ya mwili.

Mwili wa mtu, na wa ng'ombe, na wa mkonge pia, umejengwa kwa chembe hai, ambazo nyingi hazionekani ila kwa darubini. Msidhani kwamba chembe ni kifuko kilichojaa uji tu. Ndani yake mna vyumba vingi vilivyotengwa kwa utando mwembamba sana, na watenda kazi wa vyumba hivyo ni protini. Mkisikia neno hilo mnafikiri kunde na maharagwe, wala hamkosei. Lakini chakula hicho mwili hukivunjavunja, kisha hujijengea protini zake wenyewe, za namna maelfu mengi. Nyingine yapasa zikae kwenye utando wa nje. Nyingine hutoka nje kabisa, kama zile za kongosho ziyeyushazo chakula. Nyingine hupelekwa katika chumba cha kuyeyushia taka. Uko ugonjwa mmoja, nao ni wa nadra, ambao hizi za kuyeyusha taka hukosa alama yake, zikamwagwa nje ya chembe badala ya kupelekwa chumbani. Taka hujaa, na mtoto mwenye ugonjwa huo kwa kawaida hafiki mbali.

Basi alama hutiwaje? Protini nyingi ziendazo safari huanza na alama katika ncha ya mnyororo wake, yaani alama imeandikwa katika protini yenyewe. Günter Blobel alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuvumbua jambo hilo. Kwa alama hiyo protini huingizwa katika chumba cha kwanza, chenye mifereji mingi iliyoungana. Humo hukunjwa ipate umbo lake. Iliyokunjwa vibaya huzuiwa, ikavunjwa. Iliyo njema hutiwa katika kifuko kidogo cha utando, kikachukuliwa mpaka ghala ya uchambuzi.

Ghala hiyo ni vyumba bapa vilivyopangwa kama chapati juu ya sahani. Upande mmoja ni wa kuingilia, wa pili ni wa kutokea, na katika kila chumba wamo watenda kazi wake, ambao hukata sukari fulani na kuongeza nyingine juu ya protini. Kwenye upande wa kutokea ndiko mizigo huchambuliwa, hii ya nje, hii ya chumba cha taka. Kwa miaka mingi wataalamu walishindana: je, mzigo huhama kutoka chumba hata chumba, au chumba chenyewe husogea na mzigo wake? Mwaka 2006 makundi mawili ya wachunguzi yalitia rangi zing'aazo katika chembe za hamira, wakaona chumba kikibadilika mbele ya macho yao kutoka cha mwanzo kuwa cha mwisho. Ni kana kwamba banda la katani litembee lenyewe kuelekea lango, na wafanyakazi wake warudishwe nyuma kuanza banda jipya!

Aliyeiona ghala hiyo kwanza ni Camillo Golgi, mganga wa Italia, mwaka 1898, alipokuwa akitazama chembe za ubongo wa bundi. Wengi hawakumsadiki, walisema ni madoa ya dawa yake tu. Lakini mtu huyo huyo, miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, alikuwa amechunguza malaria, akaonyesha kwamba homa hupanda wakati vijidudu vinapopasua chembe za damu. Kazi zake hizo mbili zimekuja kukutana.

Maana chembe nyekundu ya damu ni nyumba isiyo na vyumba. Inapokomaa hutupa kiini chake na ghala yake, ibaki na nafasi ya kuchukua hewa. Kijidudu cha malaria kikiingia humo hakikuti ghala wala mchukuzi. Naye mgeni huyu ana mizigo ya kupeleka mpaka utando wa nje. Hufanyaje? Hujenga mwenyewe. Protini zake nyingi zitumwazo nje zina alama fupi ya viungo vitano, iliyotambuliwa mwaka 2004. Alama hukatwa katika chumba cha kwanza cha kijidudu, kisha protini hupitishwa katika tundu la utando unaokizunguka. Mbele yake viko vituo bapa, vilivyoelezwa na Georg Maurer huko Sumatra mwaka 1902, mwaka ule ule reli ya Tanga ilipofika Korogwe. Vituo hivyo kwanza huelea huku na huku. Baada ya saa kama 20 hutulia karibu na utando wa nje. Hapo hupita kulabu ya kijidudu, ikasimamishwa juu ya vinundu.

Kulabu hiyo hushika kuta za mishipa midogo, ili chembe isipelekwe kwenye bandama ikaharibiwa. Zikinaswa nyingi katika mishipa ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu na kushikwa na degedege, ambayo wazee wengi waliidhani ni pepo. Kijidudu kina namna 60 hivi za kulabu, nacho huzibadilisha. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba katika watoto waliolazwa hospitalini Korogwe, wale wenye malaria kali walikuwa na kulabu za aina chache maalum; mwaka uliofuata ikajulikana kitu kimojawapo zinachokishika katika kuta za mishipa.

Korogwe pia, pamoja na Kilifi, ndiko chanjo ya malaria ilikojaribiwa kwa watoto tangu mwaka 2007, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chanjo hiyo hukipiga kijidudu kabla hakijaingia katika chembe nyekundu za damu. Kilichopenya huingia katika chembe nyekundu, kikajenga vituo vyake. Na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, vijidudu vipya vikatoka, kila kimoja kikatafuta nyumba nyingine isiyo na vyumba.