Tiketi za mapema zinavyolisha mji mzima Kanada

MKULIMA yeyote anafahamu ugumu wa kipindi kilicho kati ya kupanda na kuvuna. Pesa zimeingia ardhini, mbolea imenunuliwa, vibarua wanadai, na hakuna hata gunia moja la kupeleka sokoni.

Wenye majumba ya michezo ya kuigiza wana tatizo lilo hilo. Waigizaji hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa wakilipwa, mafundi hushona mavazi na kupigilia mbao za jukwaa, na matangazo hubandikwa, huku dirisha la tiketi likiwa bado halijapokea hata senti moja.

Dawa ambayo wengi wao wameitegemea kwa miaka mingi ni kumwomba mtazamaji alipe kabla. Mtazamaji hujiandikisha kuwa mwanachama, au hununua kwa mkupuo tiketi za michezo yote ya msimu. Naye hupewa mapema orodha ya michezo ijayo, nafasi ya kuchagua kiti kabla ya watu wengine na, katika majumba mengi, safari za pamoja za kwenda kutazama.

Mji mmoja unaoonyesha vyema jinsi mpango huo unavyoweza kuwafaidi hata watu wasiowahi kupanda jukwaani ni Stratford, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, takriban kilomita 150 kutoka Toronto. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi wapatao 33,000 tu. Mji huo umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya, mabanda ya nguruwe na maboma ya ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo, kila mwaka, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Oktoba, hupokea umati mkubwa wa wageni wanaokuja kutazama tamthilia.

Reli ilipoanza kuwaponyoka

Zamani, riziki ya Stratford ilitoka kwenye reli. Hapo palikuwa na karakana kubwa ya kukarabati injini za mvuke za garimoshi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kampuni za reli zilianza kuhamia injini za dizeli, na ikawa dhahiri kwamba karakana hiyo haingedumu. Hatimaye ilifungwa katika miaka ya 1960.

Mwanahabari mmoja mzaliwa wa mji huo, Tom Patterson, alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona kuwa la ajabu. Kwa kuwa mji wao ulibeba jina la mahali alipozaliwa Shakespeare, na mto unaopita hapo pia unaitwa Avon, mbona wasianzishe tamasha la tamthilia zake? Mwaka 1952 baraza la mji lilimpa dola 125 aende New York kutafuta msaada. Safari hiyo haikuzaa matunda aliyoyatarajia, lakini hakukata tamaa. Baadaye aliwasiliana na mwelekezi mashuhuri wa Uingereza, Tyrone Guthrie, ambaye alikubali kuja. Mwigizaji Alec Guinness naye alikubali.

Kilichokosekana ni pesa. Kufikia miezi ya kwanza ya mwaka 1953, michango ilikuwa imepungukiwa sana na gharama, na mradi ulikaribia kufa. Mwanakandarasi wa hapo mjini, Oliver Gaffney, aliendelea na ujenzi ingawa alikuwa hajalipwa. Michango mingine ilikuja baadaye, na mnamo Julai 13, 1953, mchezo wa kwanza, Richard III, ulionyeshwa ndani ya hema kubwa lililosimamishwa kwenye bustani kando ya mto.

Msimu huo wa takriban wiki sita ulivuta watazamaji wapatao 68,000. Hoteli za mji hazikutosha. Wenyeji walifungua nyumba zao na kukodisha vyumba, na wanawake wa makanisani wakapika chakula cha kuuzia wageni. Mwaka 1957 hema lilibadilishwa kwa jumba la kudumu.

Kalenda ni mtaji

Leo tamasha hilo huendeshwa katika kumbi kadhaa, na michezo zaidi ya kumi huonyeshwa kwa zamu katika msimu mmoja. Orodha yake hutangazwa miezi mingi kabla. Wanachama, yaani watu wanaotoa mchango kila mwaka, huwa wa kwanza kukata tiketi. Umma hufuata baadaye.

Mpango huu una faida mbili kwa wasimamizi. Kwanza, pesa huanza kuingia kabla ya gharama kubwa za msimu. Pili, wanapata habari za soko. Wakiona mchezo fulani unanunuliwa kwa kasi na mwingine umelala, bado wana muda wa kuongeza matangazo au kupunguza gharama, mfano wa mfanyabiashara anayesoma maagizo ya wateja kabla ya kujaza ghala.

Hata hivyo, anayefaidi zaidi kalenda hiyo huenda ni mtu aliye nje ya ukumbi. Mwenye nyumba ya wageni anajua mwishoni mwa wiki gani atajaza vyumba. Mwenye mkahawa anajua siku ambazo maonyesho ya mchana huanza saa nane, kwa hivyo chakula lazima kiwe mezani kufikia saa sita. Mkulima anayemuuzia mwenye mkahawa huyo mboga, mayai au nyama anaweza kupanga upanzi na uchinjaji wake kwa tarehe, badala ya kubahatisha.

Safari za pamoja huongeza uhakika huo. Katika miaka ya 2010 tamasha lilianzisha mabasi ya moja kwa moja kutoka Toronto, na pia kutoka Detroit iliyo ng'ambo ya mpaka, Marekani. Shule, vyama vya wastaafu na vikundi vya marafiki pia hukodi mabasi yao. Kwa kawaida kikundi hufika kabla ya adhuhuri, hula, hutazama mchezo, na huenda kikatembelea ghala la mavazi na vifaa vya jukwaani. Basi moja la watu 45 ni sahani 45 za chakula ambazo idadi yake inajulikana hata kabla jiko kuwashwa.

Wafanyabiashara wadogo wamejifunza mtindo wa kulipisha mapema na kuutumia katika biashara zao. Mjini Stratford kuna mpango unaoitwa Chocolate Trail. Mgeni hununua seti ya vocha, kisha hutembea kutoka duka hadi duka akizibadilisha kwa chokoleti, chai au vitu vingine vidogo. Hivyo mtu aliyekuja kutazama tamthilia huishia kuingia katika maduka ambayo hakujua kwamba yapo.

Mfano mwingine ni shule ya upishi ya Stratford Chefs School, iliyoanzishwa mwaka 1983 na wenye mikahawa ya hapo. Mikahawa ilihitaji wapishi stadi, lakini kazi ilikuwa nyingi wakati wa msimu tu. Masomo yakapangwa yawe katika miezi ya baridi, wakati kumbi zimefungwa. Miezi iliyokuwa ya hasara ikageuzwa kuwa miezi ya kuandaa mavuno yajayo.

Mbona tiketi ya mlangoni haitoshi

Malipo ya kabla si jambo jipya katika sanaa. Mwaka 1784 mtunzi Mozart alifanya maonyesho matatu mjini Vienna kwa watu waliojiandikisha na kulipia mapema. Walizidi 170, na aliyaorodhesha majina yao katika barua aliyomwandikia babake.

Aliyeugeuza mtindo huo kuwa somo kamili la biashara katika karne ya 20 ni Danny Newman, afisa wa matangazo wa jumba la opera la Lyric mjini Chicago. Kitabu chake, Subscribe Now!, kilitoka mwaka 1977 na kusomwa na wasimamizi wa kumbi katika nchi nyingi. Hoja yake ilikuwa kwamba mnunuzi wa tiketi moja huja tu anaposikia sifa za mchezo. Mvua ikinyesha au mchezo ukiwa mgeni, hukaa nyumbani. Aliyelipia msimu mzima huja hata kwa mchezo asioujua, na humo ndimo waandishi na waigizaji wapya hupata watazamaji.

Kuna sababu nyingine ya kiuchumi. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha utafiti kuhusu gharama za sanaa za jukwaani. Walieleza kwamba viwanda na mashamba hupata mashine zinazoongeza mazao kwa kila saa ya kazi, lakini jukwaa halina mashine kama hiyo. Mashine ya kupukuchua mahindi hufanya kwa saa moja kazi ambayo watu wangefanya siku nzima. Wanamuziki wanne wa kipande cha nusu saa wangali wanahitaji kuwa wanne, na nusu saa ingali nusu saa. Mishahara yao hupanda pamoja na ya watu wengine, ilhali kazi yao haiwezi kuharakishwa. Ndiyo maana kumbi nyingi haziwezi kuishi kwa tiketi za mlangoni pekee.

Hesabu ya mfano

Chukua mfano wa kikundi kidogo cha maigizo kinachopanga michezo mitano kwa mwaka. Tiketi ya mlangoni ni Sh800. Anayelipia yote mitano kwa mkupuo hutozwa Sh3,000, hivyo anaokoa Sh1,000. Wakipatikana watu 400 wa kulipa hivyo, kikundi kitakuwa na Sh1,200,000 kabla ya pazia la kwanza kufunguliwa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Fedha hizo zinaonekana kama faida, kumbe ni deni. Kikundi kinadaiwa michezo mitano na watu 400. Kila mchezo una fungu lake la Sh240,000. Mwenye kutumia Sh800,000 kwenye mchezo wa kwanza ili uvume, atafika kwenye mchezo wa tatu akiwa amekula mbegu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kikitobolewa mapema hakiwezi kufika mwisho wa msimu.

Mwaka wa ukame

Mwaka 2020 uliwapima wote. Kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, Stratford ililazimika kufuta msimu wote. Tiketi nyingi zilikuwa zimeshauzwa. Ukumbi mpya uliokuwa ufunguliwe mwaka huo ulibaki umefungwa, na ulianza kutumika kwa msimu mwaka 2022. Nyumba za wageni na mikahawa, ambayo ilikuwa imepanga mwaka mzima kwa kalenda ya tamasha, ilijikuta bila wateja. Mji unaotegemea zao moja huumia zao hilo likikosa, liwe ni kahawa au ni tamthilia.

Mwaka 2021 tamasha lilirudi kwa uangalifu, watazamaji wachache wakiketi chini ya mahema yaliyo wazi pembeni. Takriban miaka 70 baada ya mchezo wa kwanza, mji ulikuwa umerejea pale ulipoanzia, chini ya turubai. Kilichobaki mkononi ni uhusiano na watu waliozoea kulipa mapema na kuamini kwamba watapata walicholipia.

Funzo kwa wakulima na wachuuzi

Huku kwetu mtindo huu si mgeni. Jijini Nairobi, kundi la Phoenix Players, lililoanza miaka ya 1980, lilikuwa na wanachama waliolipa ada ya mwaka. Kundi hilo lilipoteza ukumbi wake katika jengo la Professional Centre miaka ya 2010. Uanachama ni nguzo muhimu, lakini hauwezi peke yake kubeba jengo, kodi na mishahara.

Wakulima nao wameutumia. Mwaka 1986, mashamba mawili katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire nchini Marekani yalianza kuuza mavuno kabla ya kupanda. Familia hulipa mwanzoni mwa msimu, kisha kila wiki huchukua fungu lake la mboga. Msimu ukiwa mzuri fungu hujaa, na wadudu wakivamia hasara hugawanywa. Mtindo huo umeenea tangu wakati huo.

Anayetaka kuujaribu, awe na kikundi cha ngoma, shamba la mboga au kibanda cha chakula karibu na ukumbi wa kijamii, anaweza kuanza na mambo manne. Atoe orodha ya anachouza pamoja na tarehe, na azitimize. Ampe anayelipa mapema kitu ambacho mwingine hapati, iwe ni bei nafuu au nafasi ya kuchagua kwanza. Agawe pesa kwa mafungu siku ile ile zinapoingia. Na aandike mapema atakachofanya iwapo onyesho au mavuno yatakosekana, yaani kama atarudisha pesa au atafidia msimu ujao.

Wale wanaoishi karibu na shule, makanisa na kumbi za kaunti zinazoandaa tamasha nao wasingoje hadi siku ya onyesho. Waulizie kalenda ya mwaka. Anayejua kwamba mabasi matatu yatafika Jumamosi ya pili ya mwezi ana muda wa kupanda sukuma wiki zitakazokuwa tayari siku hiyo. Anayepata habari asubuhi yenyewe atawauzia soda tu.