Mashine ya randa kwa karakana ndogo: fundi wa Karagwe na Kyerwa anunue ipi?

Mbao nyingi zinazoingia kwenye mabanda ya useremala ya Karagwe na Kyerwa hazijawahi kuona tanuri la kukaushia. Zinatoka kwenye mgrevilea uliokua kando ya kahawa, kwenye mkaratusi wa mpaka wa shamba, kwenye mhumula ulioachwa ukue katikati ya migomba. Zinachanwa kwa chenso palepale mti ulipoangukia, kisha zinapakiwa kwenye pikapu zikiwa mbichi. Zikifika kwa fundi, ncha moja ina unene wa inchi mbili, nyingine inchi moja na nusu, na zikikaa mwezi mmoja bandani zinajinyonga. Mashine unayotaka kununua itakutana na mbao za namna hiyo. Kwa sababu hiyo nasema mapema ninachokiamini: kwa fundi wa huku, pesa iende kwanza kwenye meza ya juu ya mashine, iwe ndefu, nzito na iliyonyooka. Jina la kampuni lije baadaye.

Mashine za randa zina kazi mbili. Ya kwanza ni kunyoosha uso mmoja wa mbao, kisha kuuweka ubavu mmoja skwea na uso huo. Hii hufanyika juu ya meza mbili zenye visu katikati. Unasukuma mbao kwa mkono, na visu vinakula sehemu zilizochomoza tu. Ya pili ni kuufanya uso wa upande mwingine uwe sambamba na ule wa kwanza, mbao yote iwe na unene mmoja. Hapo mbao inapita chini ya visu ikivutwa na roli, juu ya kitanda kinachopandishwa na kushushwa kwa gurudumu, yaani thiknesa. Kombaini ya randa inafanya zote mbili kwa shafti moja ya visu na mota moja. Ukimaliza kunyoosha unafunua meza za juu, unapandisha kitanda, unaendelea na unene.

Kwenye duka la vifaa, anayeanza huvutwa kwanza na thiknesa ndogo ya kubebeka. Mfano wake unaojulikana ni Makita 2012NB: upana wa milimita 304, wati 1,650, uzito wa kilo 28 hivi. Inaingia kwenye soketi ya kawaida na unaweza kwenda nayo saiti. Ni mashine nzuri kwa kazi yake. Shida ni kwamba roli zake zinaikandamiza mbao iliyojinyonga, ikanyooka kwa sekunde chache chini ya visu, na ikitoka inarudia kujinyonga kwake, sasa ikiwa laini na yenye unene sawa kila mahali. Mlango uliotengenezwa kwa mbao hiyo utagusa fremu juu na kuachia chini, na mteja hatakumbuka jinsi ulivyong'aa. Kama unatumia paini iliyokauka vizuri, thiknesa peke yake inaweza kukutosha. Kwa mgrevilea wa jirani itakubidi kwanza unyooshe uso mmoja kwa randa ya mkono au randa ndogo ya umeme ya milimita 82, mbao baada ya mbao. Fundi mwenye oda ya madawati ya shule hawezi kukaa na kasi hiyo.

Kununua mashine mbili, ya kunyoosha peke yake na thiknesa peke yake, ndiyo njia ya karakana kubwa. Hubadilishi chochote katikati ya kazi na watu wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini ni mota mbili, seti mbili za visu, na nafasi ambayo banda la futi kumi na tano kwa ishirini halina. Tena mashine nyingi ndogo za kunyoosha peke yake zina upana wa inchi sita au nane tu, wakati kombaini inakupa upana uleule juu na chini, inchi kumi au kumi na mbili. Kwa kuwa huku bado tunapata mbao za moja kwa kumi au za moja kwa kumi na mbili, upana huo una faida ya kweli kwenye meza na vitanda.

Basi tubaki kwenye kombaini. Kuna za aina tatu ambazo fundi wa Kayanga au Nkwenda anaweza kuzifikia.

Aina ya kwanza ni kombaini nyepesi za Ulaya na China. Metabo HC 260 C, kwa mfano, ina upana wa milimita 260, mota ya kilowati 2.2 ya umeme wa njia moja, na uzito wa kilo 70 hivi. Inafanya kazi safi sana. Meza yake ni ya takribani mita moja, na hapo ndipo pa kupima. Kanuni ya mafundi ni kwamba meza hunyoosha vizuri mbao isiyozidi mara mbili ya urefu wake. Mguu wa mlango wa futi saba ni mita 2.1, kwa hiyo uko ukingoni. Mbao ya futi kumi na mbili imepita kabisa. Kama unatengeneza stuli, makabati na vitanda, utakuwa umekata vipande vifupi kabla ya kunyoosha, na mashine hii itakutosha. Kama mkate wako ni milango na fremu, itakuchosha. Uliza pia mkanda na visu vyake vinapatikana wapi, maana vipuri vya mashine za namna hii mara nyingi ni vya aina yake tu, na kuvisubiri kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi ni kufunga karakana.

Aina ya pili ni mashine nzito za chuma cha kumimina. Mpya, kama Hammer A3-31 ya kampuni ya Felder ya Austria, yenye upana wa milimita 310, inazidi euro 3,000 kiwandani kabla ya meli na kodi. Sioni karakana ndogo ya huku itakayorudisha pesa hiyo kwa milango na vitanda. Zilizotumika ni habari nyingine. Mashine ya Ulaya ya miaka thelathini, ikiwa meza hazijapasuka, inaweza kufanya kazi miaka thelathini mingine. Nyingi zina mota ya njia tatu, na wanunuzi huziogopa kwa sababu hiyo. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo inaweza kuendeshwa kwa inverta ndogo inayopokea njia moja na kutoa njia tatu, ikiunganishwa kwa volti 230. Kikiandikwa 400/690, njia hiyo haifai. Na kikiandikwa volti 120 na hezi 60, mashine ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Iache, hata muuzaji akipunguza bei.

Aina ya tatu ni ya mafundi chuma wetu: wa Mwanza, wa Gerezani Dar es Salaam, au wa Katwe, Kampala, ambako watu wa Kagera wanafika haraka kuliko wanavyofika Dar. Mashine hizi ndizo ninazozipendekeza kwa wengi, kwa masharti. Unaweza kuagiza meza ya futi sita na shafti ya inchi kumi na mbili. Unaweza kutaka beringi za namba za kawaida kama 6205 au 6206, zinazopatikana kwenye maduka ya vipuri, na mkanda wa aina ileile inayotumika kwenye mashine za kusaga. Na kwa kuwa inazungushwa kwa mkanda, kijiji kisicho na umeme kinaweza kuifunga kwenye injini ya dizeli. Ukitumia injini, kumbuka kwamba nyanda za Karagwe ziko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Chagua inayozidi hitaji lako.

Masharti ni haya. Meza iliyochomelewa kwa bamba hupinda kwa joto la kuchomea, kwa hiyo lazima iwe imesawazishwa kwa mashine baada ya kuchomelewa. Isiposawazishwa, itahamishia kombo lake kwenye kila mbao. Shafti ya visu iwe ya mviringo. Shafti ya mraba huacha pengo kubwa kati ya meza na visu, na kidole kikiingia hapo hakitoki. Uingereza ilikataza shafti za mraba kwenye mashine za kuranda kwa mkono mwaka 1922, na mimi sioni sababu ya fundi wa Kaisho kuinunua leo. Tena shafti izunguke inavyotakiwa, kati ya mizunguko 4,000 na 6,000 kwa dakika. Hesabu yake ni rahisi: mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya inchi tisa, ikizungusha puli ya inchi tatu kwenye shafti, inakupa mizunguko 4,320. Puli zikikosewa, mkaratusi utararuka nyuzi hata visu vikiwa vipya. Mwisho, mashine iwe na kifuniko cha visu kinachosogea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine, na kijana unayemfundisha kazi anastahili ulinzi huo hata kama hujawahi kumwona mkaguzi.

Ukinunua Uganda, fanya hesabu ya kodi na usafiri kabla ya kulipa, uwe na karatasi zote za mauzo mkononi kabla hujafika Mutukula au Murongo. Bei ya Katwe isiyo na hizo gharama ndani yake haijawa bei.

Sasa umeme. Mota ya kilowati 2.2, sawa na nguvu farasi tatu, ikifanya kazi kwa mzigo kamili hula takribani uniti 2.6 kwa saa. Kwa kundi la matumizi ya kawaida la TANESCO, ambako uniti ni shilingi 292 na kufika karibu 356 pamoja na kodi na tozo, saa nzima ya kuranda ni kama shilingi 930. Umeme basi si gharama ya kukutisha. Kinachoua mota ni volti ndogo. Banda lililo mwisho wa laini, mbali na transfoma, likipata volti 180 jioni, mota ya njia moja itanguruma bila kuanza, kapasita itaungua, na waya za ndani zitafuata. Pima volti kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, kabla ya kuamua ukubwa wa mota. Njia tatu ni bora na mota zake ni imara, ila gharama ya kuunganishwa ni mara kadhaa ya njia moja, hasa kwa kijiji ambako njia moja hulipiwa shilingi 27,000. Omba makadirio ya maandishi kwanza.

Halafu kuna chaguo ambalo muuzaji hatakwambia: usinunue kabisa, peleka mbao zako kwa mwenye mashine. Nitatumia takwimu za mfano tu. Wewe weka za kwenu. Tuseme kuranda mbao moja ni shilingi 1,000, na kombaini ya kuchomelewa inakugharimu 3,500,000 hadi ifungwe. Fundi wa mbao 100 kwa mwezi analipa 100,000 za kurandiwa na labda 40,000 za usafiri. Akiwa na mashine yake atatumia kama 8,000 za umeme, 15,000 za kunoa visu na 20,000 za akiba ya vipuri. Anaokoa 97,000 kwa mwezi, na mashine inajilipa kwa miaka mitatu. Fundi wa mbao 250 analipa 250,000 na usafiri wa 80,000. Gharama za mashine yake zikiwa 90,000, anaokoa 240,000, na miezi kumi na mitano inamtosha. Huyu wa pili anunue. Wa kwanza asikimbilie mkopo.

Na miezi si sawa. Katika wilaya hizi oda za milango na vitanda hufuata kahawa: katikati ya mwaka mkulima anapolipwa, fundi ana kazi hadi usiku; miezi ya mbele mambo yanapoa. Rejesho la kila mwezi lisilojua msimu ni hatari. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na mafundi kadhaa kumiliki kombaini moja ni mpango wa maana kuliko kila mmoja kuhangaika na thiknesa yake. Maranda pia yana mnunuzi: wafugaji wa kuku huyataka kwa matandiko ya mabanda. Ila vumbi laini likusanywe na barakoa ivaliwe, kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995.

Siku ya kununua, nenda na rula ndefu ya chuma iliyonyooka na mbao mbili za kwenu, moja ya mgrevilea uliojinyonga na moja ya mkaratusi mgumu. Laza rula juu ya meza zote mbili, kwa urefu na kwa pembe. Mwanga usipite chini yake. Zungusha shafti kwa mkono usikilize beringi. Nyoosha uso, pitisha kwenye thiknesa, kisha pima unene kwenye pembe zote nne. Tofauti ikizidi milimita moja, uliza sababu. Washa na uzime mara kadhaa ukiwa umeweka mkono kwenye fremu: mtetemo mkubwa ni shafti isiyo na ulinganifu. Ikifaulu, dai seti ya pili ya visu na risiti yenye jina la aliyeitengeneza.