Nyumba za Umma: za Kupangisha au za Kuuzwa?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sisi wa Mombasa tunakisoma tukiwa na shida yetu wenyewe, maana wako wengi hapa wenye nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zao, kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi. Kiwanja kikiuzwa, aliyejenga hubaki na mabati na boriti. Akiwa ni mjane mwenye mayatima, aende wapi?

Hapo ndipo taasisi za nyumba za umma hupimwa. Mji wetu una mitaa ya serikali tangu zamani, Tudor, Changamwe na Likoni, ambako familia nyingi za kipato kidogo zililea watoto wao kwa kodi nafuu. Paa zilivuja na mabomba yalikauka, hatukatai, lakini mpangaji hakudaiwa malipo ya awali. Buxton nyumba za zamani zimebomolewa, na maghorofa mapya yamejengwa ili yauzwe. Ni mazuri kuyatazama. Lakini nyumba ya kuuzwa humfaa mwenye akiba; maskini hufaidika zaidi na ya kupangisha.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imewatambua wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ikawawekea fungu lao la nyumba za kijamii. Kutambuliwa ni hatua njema. Hata hivyo, mama auzaye mahamri na viazi vya karai hana hati ya mshahara. Ana daftari la chama, na tunaona daftari hilo lingestahili kukubaliwa kuwa ushahidi wa kipato chake. Tena familia nyingi za Kiislamu hazikubali mkopo wa riba, hata nyumba iwe nafuu kiasi gani. Kwao, njia ni kupangishwa, au kulipa kidogo kidogo kwa bei iliyokwisha kujulikana.

Kina mama, kaunti inapoita vikao vya maoni, msiwaachie wanaume peke yao. Ulizeni ni nyumba ngapi katika kila mtaa zitakazobaki za kupangisha, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.