Fanksheni Ikiingia Haitoki

Tuseme unataka kuondoa kiambishi "wa" mwanzoni mwa maneno. Kwa miaka mingi watumiaji wa lugha ya Python walikimbilia fanksheni ya lstrip. Ipe neno "wasomi" pamoja na "wa", nayo inarudisha "somi". Kazi imekwisha, unaendelea na mengine. Kumbe lstrip haijui kiambishi ni nini: hufuta kila w na kila a inayoikuta mwanzoni, hadi ifikie herufi nyingine. Siku ikikutana na "wawakilishi", itarudisha "kilishi", bila onyo lolote.

Oktoba 2020, toleo la 3.9 la Python lilikuja na removeprefix na removesuffix, kufuatia pendekezo namba 616. Ya kwanza ikipewa "wawakilishi" inarudisha "wakilishi". Isipokikuta kiambishi, inaliacha neno kama lilivyo.

Mtu anaweza kuuliza palikuwa na haja gani, maana kazi hiyo ni mistari miwili tu: angalia kama neno linaanza na kiambishi, kisha kata kulingana na urefu wake. Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Kila jina linaloingizwa katika maktaba ya lugha lazima lielezwe, lijaribiwe na litunzwe, na kulitoa ni kuvunja programu za watu ambao hutawahi kuwajua.

Ugumu huo unaonekana katika gets ya lugha ya C. Fanksheni hiyo husoma mstari bila kujua nafasi iliyotengwa ina ukubwa gani. Mstari ukizidi, hufurika na kuharibu data za jirani. Novemba 1988 programu ya kujisambaza iliyoandikwa na Robert Morris iliutumia mwanya huo kupenya katika kompyuta za intaneti ya wakati ule. Hata hivyo kiwango cha ANSI cha mwaka 1989 kiliibakiza gets, kwa kuwa programu zilizokuwapo ziliitegemea. Ilifutwa katika kiwango cha 2011. Hatari yake ilijulikana kwa zaidi ya miaka ishirini kabla haijatoka.

Ndiyo maana naona jibu la kuanzia liwe hapana, hata kwa ombi zuri la fanksheni mpya. Ufupi wa msimbo si kigezo cha kukubali wala cha kukataa. Cha kupima ni kama watu wenye uwezo hukosea kila wanapojiandikia wenyewe, na kama kosa hilo hujificha. removeprefix ilifaulu hapo. Tena iliingia ikiwa ndogo: haikupewa uwezo wa kupokea viambishi kadhaa kwa mpigo. Ingepewa "wa" na "wawa", ingeanza na kipi?

Basi unapopeleka ombi la fanksheni mpya, usieleze jinsi ulivyochoka kurudia mistari miwili. Onyesha programu halisi ambazo mistari hiyo imeandikwa vibaya, na mwenye programu hakugundua.