Kima wa Sanje: Kipaji kilichowapita maskauti

LIGI ikimalizika timu zinatafuta pa kuweka kambi. Shabiki naye ana kambi yake, na iko njia ile ile anayopita kila Simba au Yanga inapocheza Mbeya.

Ukifika Mikumi mjini usinyooke kwenda Iringa. Kata kushoto, shika barabara ya Ifakara. Utapita Kidodi kwenye mashamba ya miwa, utavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, na milima itakayokuandama mkono wa kulia ndiyo Udzungwa. Lango la hifadhi lipo Mang'ula, na hema linapigwa jirani na hapo.

Juni na Julai, wakati wa usajili, ndio muda wenyewe. Masika yameisha na njia hazitelezi. Kupanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, na kurudi ni saa nne hivi, kwa hiyo hata kitambi cha kibanda umiza kinaweza. Wenye pumzi ya kiungo mkabaji wanapanda kilele cha Mwanihana: siku tatu, usiku mbili msituni, na huendi bila kiongozi wa hifadhi.

Msitu huu una stori ambayo mtu wa mpira ataielewa haraka. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikutana hapa na kima ambaye sayansi ilikuwa haijamuandika popote. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote. Ni kama yule winga wa mchangani ambaye mtaa mzima unamshangilia, halafu skauti anakuja kudai kamvumbua.

Kima huyo amepewa jina la Sanje. Haishi pengine popote duniani zaidi ya Udzungwa, na yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, lakini mitego na ukataji miti bado ni tishio kwake.

Ndiyo maana mgeni anatakiwa kufuata njia, kutomlisha mnyama na kushuka na taka zake. Timu ikifungiwa uwanja inahamia mkoa mwingine na ligi inaendelea. Kima wa Sanje uwanja wake wa nyumbani ni huu mmoja, hana wa kuhamia.