Wepesi Wenye Bei: Soko la Kusimika Modi

Modi, yaani nyongeza na mageuzi ambayo mashabiki huyatunga wenyewe na kuyatia katika michezo ya kompyuta iliyokwisha uzwa, aghalabu hutolewa bure. Walakini kazi ya kuzifikisha kwa mchezaji na kuzisimika bila taabu imekuwa tijara kamili, yenye makampuni, mitaji na mashindano yake. Alitazamaye soko hili kwa makini ataona kuwa bidhaa yake hasa ni wepesi, na kwamba mwenye kuumiliki wepesi huo ndiye apataye faida.

Desturi yenyewe ni kongwe. Mchezo wa Doom, uliotoka mwaka 1993, uliweka ramani na picha zake katika mafaili ya WAD yaliyotengwa na injini, hata mashabiki wakaweza kuunda yao. Lakini tangu zama hizo mchezaji alilazimika kupakua faili lililobanwa, kulifungua, na kunakili yaliyomo katika folda ipasayo. Na iwapo modi mbili ziligusa kitu kimoja, ilimpasa kuamua ipi itangulie na ipi ifuate, maana utaratibu ukikosewa mchezo hukwama, pengine pasipo kueleza sababu.

Kampuni ya Valve ya Marekani iliuondoa udhia huo Oktoba 2011 ilipofungua Steam Workshop, ambako mchezaji hubonyeza mara moja tu, na programu ikapakua modi, ikaisimika, na kuisasisha kila mtungaji anapoitengeneza. Skyrim, mchezo wa kampuni ya Bethesda, uliingia humo Februari 2012. Kwa Valve faida ilikuwa dhahiri, kwani mchezo wenye modi huishi miaka mingi sokoni, na mteja hufungamana na duka lake la Steam. Lakini Aprili 2015, kampuni hizo mbili ziliporuhusu modi za Skyrim ziuzwe, mtungaji akipewa asilimia 25 tu ya bei, ghadhabu ya wachezaji ilikuwa kubwa hata mpango ukafutwa baada ya siku nne.

Tovuti ya Nexus Mods, iliyoanzishwa Uingereza na Robin Scott mwaka 2001, ilishika njia nyingine: iliacha modi ziwe bure, ikatoza wepesi. Asiyelipa hupakua kwa kasi iliyowekewa mpaka, ilhali mwanachama alipaye ada hupakua bila kipimo. Tofauti hiyo ilidhihiri zaidi zilipokuja Collections, yaani mikusanyo ya modi zilizokwisha pangwa na kupatanishwa, ambazo huweza kufika mamia: mwenye ada huagiza mkusanyo mzima kwa mara moja, naye asiye nayo huidhinisha modi moja baada ya nyingine. Hali hii yafanana na ya gati, ambapo shehena ni ya huyu na jahazi ni la yule, lakini ushuru humwendea mwenye gati.

Wepesi huo ulizua daawa. Maadamu mkusanyo hutegemea mafaili mahususi, faili moja likifutwa na mwenyewe mkusanyo wote huharibika. Kwa hiyo mwaka 2021 Nexus Mods iliamua kwamba mafaili hayatafutwa tena, bali yatahifadhiwa ghalani, na watungaji wasioridhia walipewa mwezi mmoja wa kuondoa kazi zao. Baadhi yao waliziondoa kweli, wakiona kuwa raha ya mchezaji imenunuliwa kwa haki yao ya kuamua.

Makampuni mengine yametafuta riziki kwingine. Overwolf ya Israeli, iliyolinunua jukwaa la modi la CurseForge kutoka kampuni ya Twitch mwaka 2020, huwagawia watungaji sehemu ya mapato yake, nayo mod.io ya Australia huziuzia studio huduma ya kuweka modi ndani ya mchezo wenyewe, hata katika konsoli, ambako mchezaji hana ruhusa ya kugusa folda yoyote.

Juu ya hayo yote, kilicho rahisi kusimika ni rahisi pia kuingiza dhara. Juni 2023 programu hasidi iliyoitwa fractureiser ilipenyezwa katika modi za mchezo wa Minecraft kwenye CurseForge na tovuti ya Bukkit, ikiiba siri za kuingilia akaunti za wachezaji waliodhani wanajiongezea burudani. Zamani ugumu wa kazi ulimfanya mtu aangalie anachokiweka katika kompyuta yake. Leo jukumu hilo limehamia kwa mwenye jukwaa, naye hana udhuru wa kulikwepa. Apokeaye ijara ya wepesi yampasa pia kubeba dhamana yake: akague anachokipitisha, na ampe mtungaji, ambaye pasipo yeye hakuna cha kusimika, fungu lenye insafu pamoja na sauti katika maamuzi. Jukwaa litakalopuuza moja kati ya hayo mawili litapoteza ama wachezaji wake, ama watungaji wake.